Agnes Pockels na Tone la Maji

Asubuhi yenye umande, mtoto wa Kabanga, wilayani Ngara, apitapo kando ya magimbi huona matone ya maji yamekaa juu ya majani, yameviringana kama shanga. Akilitikisa jani, tone hubingirika likaanguka, na jani hubaki kavu. Lakini tone kama hilo likiangukia kioo safi, hutandaa na kukilowesha. Kwa nini maji yale yale hufanya mambo mawili yaliyo tofauti? Mmoja wa watu waliolichunguza jambo hili ni mwanamke aliyeanzia kazi yake jikoni. Jina lake ni Agnes Pockels.

Agnes alizaliwa tarehe 14 Februari, 1862, katika mji wa Venice. Leo mji huo uko Italia, lakini wakati ule ulitawaliwa na Austria, na baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la nchi hiyo. Malaria ilikuwa imeenea katika sehemu hizo, nayo iliisumbua familia yake. Baba alistaafu kwa sababu ya afya mbaya, na mwaka 1871 familia ilihamia mji wa Brunswick, Ujerumani.

Shuleni Agnes alipenda sana sayansi. Alitamani kuendelea na masomo, lakini siku zile vyuo vikuu vya Ujerumani havikupokea wanawake. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, alikwenda chuo kikuu kusoma fizikia. Agnes alibaki nyumbani kuwatunza wazazi wake na kufanya kazi za nyumba. Friedrich alimpatia vitabu, naye akajifundisha mwenyewe.

Je, kazi za jikoni zilimzuia kuchunguza? La. Aliona kwamba uso wa maji hubadilika unapoguswa na mafuta au sabuni. Hakuridhika kuona tu, alitaka kupima. Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi, alianza kutengeneza chombo chake. Kilikuwa sanduku la bati lenye urefu wa sentimita 70, upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 2. Alilijaza maji mpaka ukingoni, akalaza ukanda wa bati kukatiza upana wake. Kwa kuusogeza ukanda huo, aliweza kuupanua au kuubana uso wa maji. Kisha alitumia mizani ndogo iliyoning'iniza kisahani chenye upana wa milimita 6, akapima kani iliyohitajika kukibandua kutoka majini. Hivyo alipima mvutano wa uso wa maji, yaani ile hali ya uso kujikaza kama ngozi ya ngoma.

Aligundua kwamba utando mwembamba wa mafuta ukiwa umetandaa mahali papana, mvutano wa maji haupungui. Lakini ukibanwa kupita kiasi fulani, mvutano hupungua ghafula.

Kwa miaka kadhaa matokeo hayo hayakuchapishwa, na yangeweza kupotea. Mwezi Januari, 1891, Agnes alimwandikia barua Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa akichunguza mambo hayo hayo. Barua ilikuwa kwa Kijerumani; mke wa Rayleigh aliitafsiri. Rayleigh hakuidharau wala hakuifanya kazi hiyo kuwa yake. Aliipeleka kwenye gazeti la sayansi liitwalo Nature, nayo ikachapishwa mwezi Machi mwaka huo, kwa jina la Agnes.

Mwaka 1914 aliandika juu ya pembe inayofanywa na ukingo wa tone na kitu kilicho chini yake. Pembe ikiwa ndogo, tone hutandaa na kitu hulowa. Pembe ikiwa kubwa, tone huviringana. Jani la gimbi lina nta na vinundu vidogo sana. Kwa hiyo haliloi.

Elimu hii ina faida kubwa leo. Katika kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu na dawa ya maji huvutwa na utepe unaolowa upesi, mpaka mistari ya majibu itokee. Kama utepe ungekuwa na uso kama wa jani la gimbi, tone lingekaa pale pale, na mgonjwa asingepata jibu. Wataalamu pia hutengeneza vifaa vyenye mifereji myembamba kama unywele. Wakitaka matone ya maji yatembee ndani ya mafuta, huchagua kuta zinazoloweshwa na mafuta. Kuta zikiloweshwa na maji, maji huzing'ang'ania, na matone hayatokei vizuri.

Mwaka 1932, Agnes akiwa na umri wa miaka 70, chuo kikuu cha ufundi cha Brunswick kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1935. Hakuwa na maabara ya fahari. Alikuwa na bati, maji, macho yenye makini na subira.

Jaribio

Chukua jani la gimbi na kipande cha kioo safi. Dondoshea kila kimoja tone moja la maji. Tazama kutoka ubavuni, uchore umbo la kila tone. Kisha gusa tone lililo juu ya jani kwa ncha ya kijiti chenye sabuni. Umeona nini?

Maswali

1. Kwa nini Agnes hakusoma chuo kikuu?
2. Ukanda wa bati ulikuwa na kazi gani?
3. Kwa nini utepe wa kupimia malaria sharti ulowe upesi?