Ernst May, Mjerumani aliyejifunza upepo wa Mombasa

Mpangaji wa Kisauni, Likoni au Changamwe hulipa mara mbili: kodi kwa mwenye nyumba, na tokeni za stima za kuendesha feni usiku kucha. Joto la Mombasa ni la Mola, lakini joto la chumbani mara nyingi huletwa na ramani ya nyumba. Hilo alilielewa vyema msanifu Ernst May, mzaliwa wa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wengi walikosa makao. Kuanzia 1925 hadi 1930, May alisimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000 mjini Frankfurt. Yeye na wasanifu wenziwe wa kisasa waliamini kuwa nyumba haipati heshima kwa mapambo. Heshima yake ni kumpa mfanyakazi mwanga na hewa safi kwa kodi anayoimudu.

Mwaka 1930 alikwenda Urusi kupanga miji ya viwanda. Wanazi waliposhika madaraka 1933, hakuweza kurudi kwao, kwani alikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi na kurudia usanifu. Vita vya pili vilipozuka, Waingereza walimtia kambini kwa sababu ya Ujerumani wake.

Huku kwetu ilibidi ageuze hesabu. Frankfurt alilitafuta jua. Afrika Mashariki alilikinga. Mombasa alichora hoteli ya Oceanic, iliyopokea upepo wa bahari, na nyumba za bei nafuu za Waafrika huko Tudor. Imani ilikuwa ile ile, ila hali ya hewa ndiyo iliyoamua umbo.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Mpango wake wa kuipanua Kampala, miaka ya 1940, ulifuata ubaguzi wa kikoloni, kila rangi na mtaa wake. Aliyetetea hewa kwa wote alikubali ardhi igawanywe kwa rangi.

Alirudi Ujerumani baada ya karibu miaka 20, akafariki Hamburg mwaka 1970.

Aliyojifunza May, wazee wetu waliyajua: kuta nene, baraza yenye kivuli, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani. Leo bara yetu inajaa ghorofa zenye vyumba vya dirisha moja, ukuta mpana ukilitazama jua la alasiri. Ploti ni ndogo, kweli. Lakini dirisha la pili la kutokea upepo, na ukingo wa zege juu yake wa kutia kivuli, havihitaji ploti kubwa. Mwenye kujenga, kabla ya kuchimba msingi, na amuulize fundi wake kusi na kaskazi zitaingilia wapi. Mpangaji atakayelala humo hatakuwapo siku hiyo kuuliza.