Simon Kimbangu: miezi 5 ya kuhubiri, miaka 30 ya kifungo

Kila tarehe 6 Aprili, ofisi na shule zinafungwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tangu mwaka 2023, siku hiyo ni sikukuu ya taifa, ya kukumbuka mapambano ya Simon Kimbangu na mwamko wa Mwafrika. Kwa wakaaji wengi ni siku ya kupumzika tu. Wachache wanakumbuka kwamba mtu huyo alihubiri hadharani kwa muda wa miezi 5 peke yake, kisha akafungwa miaka 30, na kwamba alimalizia maisha yake Lubumbashi, mbali sana na kijiji chake, katika mji ambao lugha yake ni Kiswahili.

Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Kongo-Central. Kanisa lake linashika tarehe 12 Septemba 1887 kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Wazazi wake, Kuyela na Luezi, walifariki angali mdogo. Shangazi yake, mama Kinzembo, ndiye aliyemlea. Karibu na hapo, Ngombe-Lutete, kulikuwa misioni ya Wabaptisti kutoka Uingereza. Ni kule kijana huyo alijifunza kusoma na kuijua Biblia. Alimuoa Marie Muilu, wakazaa watoto watatu wa kiume: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda. Mume na mke walibatizwa mwaka 1915. Baadaye Kimbangu akawa mwalimu wa dini katika kijiji chake.

Mwaka 1918, homa kali iliyozunguka dunia yote ilifika mpaka kwenye vijiji vya Kongo, na watu wengi walikufa. Waumini wake wanasimulia kwamba ni wakati huo alianza kusikia sauti ya Kristo ikimuita kuchunga watu wake. Hakukubali. Alijiona kuwa hana elimu ya kutosha, na kwamba wako wachungaji na wamisionere wenye kuweza kazi hiyo kumshinda. Sauti ilipoendelea, alikimbia. Alienda Kinshasa, wakati huo Léopoldville, kutafuta kazi kama vijana wengine wa eneo lake. Maisha ya mji hayakumuendea vizuri. Alirudi Nkamba, akashika tena jembe lake na mafundisho yake.

Tarehe 6 Aprili 1921

Asubuhi ya siku hiyo, katika kijiji cha jirani, Kimbangu aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa aliyeitwa Kiantondo. Alimuwekea mikono na kumuombea kwa jina la Yesu. Habari kwamba mwanamke huyo amepona ilienea upesi. Kwa muda wa majuma machache tu, njia za kwenda Nkamba zilijaa watu. Wengine walibeba wagonjwa wao kwenye machela, wengine walikuja kutoka ngambo ya mpaka, Angola na Kongo ya Wafaransa. Vibarua waliacha mashamba ya wazungu, wafanyakazi waliacha kazi za njia ya reli, wagonjwa walitoka katika hospitali za misioni.

Lakini yule aliyefika Nkamba kutafuta kuponywa tu alikuta pia masharti. Kimbangu aliomba watu waache hirizi na dawa za uchawi. Aliomba mwanaume aishi na mke mmoja. Alikataza pombe na ngoma za uchi. Katika nchi ambamo kila familia ilikuwa na nkisi yake ya kujikinga, na ambamo heshima ya mwanaume ilipimwa kwa hesabu ya wake zake, hayo hayakuwa mambo madogo. Hata hivyo, hirizi zilitupwa kwa wingi pembeni ya njia, na vijiji vizima viliacha ngoma. Wamisionere walikuwa wamehubiri jambo hilo miaka mingi bila kuona matunda ya namna ile.

Serikali ya Wabelgiji iliona mambo kwa jicho lingine. Msimamizi wa eneo, Léon Morel, alifika Nkamba mwezi Mei kujionea mwenyewe. Alirudi na wasiwasi. Mtu mweusi anayekusanya maelfu ya watu bila ruhusa, na anayefanya vibarua waache kazi, alikuwa hatari kwa ukoloni hata kama mikononi ana Biblia tu. Wafanyabiashara walilalamika. Wamisionere Wakatoliki nao waliomba serikali ichukue hatua. Tarehe 6 Juni, Morel alirudi pamoja na askari ili wamkamate. Fujo ilitokea, lakini Kimbangu aliponyoka.

Kurudi kwa hiari

Kwa muda wa miezi 3 alijificha, akitembea kijiji kwa kijiji na kuendelea kufundisha. Serikali ilimtafuta bila kumpata, sababu wakaaji walimficha. Angeweza kuvuka mpaka. Angola haikuwa mbali. Kule kazi yake ingeweza kuendelea kwa siri.

Hakuvuka. Tarehe 12 Septemba 1921, alirudi Nkamba mbele ya macho ya watu wote, akingojea askari. Aliwaomba wafuasi wake wasirudishe ubaya kwa ubaya na wasiinue mkono juu ya wale watakaokuja kumkamata. Waliokuwa pale walielewa kwamba alitaka kufuata mfano wa Bwana wake, ambaye hakukimbia bustani ya Getsemane. Askari walifika, wakamfunga yeye pamoja na wasaidizi wake, wakawapeleka Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu.

Kesi ilipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, iliyoongozwa na komanda De Rossi. Mshitakiwa hakuwa na mtetezi. Alishitakiwa kuhatarisha usalama wa nchi na kuchochea chuki juu ya wazungu. Siku zile za kesi, angeweza kutafuta njia ya kupunguza adhabu kwa kukana kwamba ametumwa na Mungu. Hakukana. Tarehe 3 Oktoba 1921, hukumu ilitoka: viboko 120, kisha kifo. Wasaidizi wake wengi walipewa kifungo cha maisha.

Wamisionere kadhaa Waprotestanti waliomba huruma kwa ajili yake. Mwezi Novemba, mfalme Albert wa kwanza wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akapelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwendo wa karibu kilomita 1.600 kwa ndege kutoka Nkamba. Nia ilikuwa wazi: asirudi tena, na watu wake wamsahau.

Miaka 30

Juu ya maisha yake gerezani, kuna machache ya kusimulia. Hakuandika kitabu. Hakuwa na nafasi ya kuhubiri kwa umati. Aliyekuwa amezungukwa na maelfu ya watu sasa aliamka kila siku kati ya kuta zilezile, katika mji ambao mwanzoni hakujua lugha yake. Serikali haikukubali kumuachilia hata baada ya miaka 10, hata baada ya miaka 20. Ulinganisho mmoja unasaidia kupima uzito wa jambo hilo: Nelson Mandela, ambaye dunia yote inajua kifungo chake, alifungwa miaka 27.

Nje ya gereza, wafuasi wake walilipa pia. Maelfu walihamishwa kwa nguvu pamoja na familia zao, wakatupwa katika pembe za mbali za nchi. Wengine walifikishwa mpaka Lowa, kwenye mto Lualaba, kati ya watu wanaosema Kiswahili. Serikali ilifikiri kwamba kutawanywa kutazima moto huo. Kinyume chake, wahamishwa walisali kila mahali walipofika, na majirani zao wakaanza kujua jina la Kimbangu. Ndivyo kundi lililokuwa la Wakongo wa magharibi lilivyoanza kujulikana katika majimbo mengine.

Nkamba, Marie Muilu alibaki chini ya macho ya wapelelezi. Alipokea waumini kwa siri, akawatia moyo, akalinda mafundisho ya mume wake. Alimngojea miaka 30, lakini mume hakurudi. Simon Kimbangu alikufa Lubumbashi tarehe 12 Oktoba 1951, angali mfungwa. Alikuwa na umri wa miaka 64. Karibu nusu ya maisha yake aliipitisha gerezani.

Marie Muilu mwenyewe alifariki mwezi Aprili 1959. Miezi michache baadaye, tarehe 24 Desemba 1959, serikali ya kikoloni ilitambua rasmi kanisa lililokuwa limeongozwa kwa siri na mjane huyo, na ambalo sasa liliongozwa na mtoto wake wa mwisho, Joseph Diangienda. Mwezi Aprili 1960, kabla ya uhuru wa nchi, maiti ya Kimbangu iliondolewa Lubumbashi na kurudishwa Nkamba, ambako kaburi lake liko mpaka leo. Mwaka 1969, kanisa hilo lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likiwa kati ya makanisa ya kwanza yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe kuingia humo.

Tangu wakati ule, mambo mengi yamebadilika. Wajukuu wa Kimbangu wamegawanyika juu ya uongozi wa kanisa. Wakristo wa makanisa mengine hawakubaliani na Wakimbangu juu ya namna wanavyomuelewa mtu huyo leo, na Baraza la Makanisa lenyewe limeachana nao kwa sababu ya mafundisho hayo. Mabishano hayo hayajaisha.

Hata hivyo, masharti yaliyotolewa Nkamba mwaka 1921 yanafuatwa bado. Katika miji mingi ya nchi, siku ya Mungu, wanaonekana waumini waliovaa mavazi ya kijani na meupe, wakitembea nyuma ya fanfare yao. Hawanywi pombe. Hawaendi kwenye dansi. Wanavua viatu kabla ya kusali, na kijana anayetaka kuoa mke wa pili anajua kwamba kanisa halitamuelewa. Wengi wao hawakuzaliwa bado wakati Kimbangu alipokufa. Nidhamu wanayoishika waliipokea kwa wazee waliohamishwa kwa nguvu, ambao nao waliipokea kwa mtu aliyekuwa na nafasi ya kukimbilia Angola, akachagua kurudi Nkamba.