Abu Bakari Ar-Razi, Tabibu na Mwana wa Kimia

Wako ndugu zetu wa pwani ambao wakisikia neno kimia hudhani ni uganga, au hila ya kugeuza shaba kuwa dhahabu. Kwa ajili yao twaandika habari za Abu Bakari Muhammad bin Zakaria Ar-Razi.

Alizaliwa mwaka 251 wa Hijra, yaani 865, katika mji wa Rayy, nchi ya Uajemi, karibu na ulipo Tehran leo. Nchi hiyo si ngeni kwetu. Majahazi yaliyopakia boriti za mikoko ya Rufiji yalikwenda Ghuba yake miaka mingi. Yasimuliwa kwamba ujanani alipiga udi, na utabibu aliushika akiwa mtu mzima. Akawa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdadi.

Watu husimulia kuwa alitundika vipande vya nyama pande mbalimbali za Baghdadi, akachagua kujenga hospitali pale nyama ilipokawia kuoza. Ni kisa kizuri, lakini hospitali ya Adhudi wanayoitaja ilifunguliwa zaidi ya miaka hamsini baada ya kufa kwake. Tusimpe sifa isiyo yake; zake zamtosha.

Kweli, naye aliitamani dhahabu kama wenziwe wa zama zile. Lakini katika kitabu chake cha Asrari hakujificha nyuma ya mafumbo. Ametaja tanuri, mivukuto, koleo, vyungu vya kuyeyushia na anbiki ya kukenekea, na kazi ya kila kimoja. Vitu vyote akavigawa vya madini, vya mimea na vya wanyama. Na vya madini akavipanga mafungu sita, chumvi zikiwa fungu mojawapo.

Alipotaka kujua madhara ya zebaki, alimnywesha kima, akamwangalia. Tena katika wagonjwa wa homa ya ubongo, baadhi aliwatoa damu na wengine akawaacha makusudi, apate kujua kama kutoa damu kwafaa. Hili lataka moyo, kwani matabibu wa zamani zake waliisifu mno dawa hiyo. Akaandika risala ya kupambanua ndui na surua, na kitabu cha watu wasio na tabibu karibu. Ndui hiyo, mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa wa Marka, pwani ya Benadiri, mwaka 1977.

Hapana budi kutaja jambo zito. Abu Hatim Ar-Razi, mtu wa mji wake, alimtuhumu kukanusha unabii, na wanazuoni wengi wamemlaumu. Maneno hayo yametufikia kwa mikono ya mahasimu wake, na wapo wayatiliao shaka. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Ikiwa itikadi hiyo ni yake kweli, sisi hatuichukui. Anbiki yake twaichukua, kama tununuavyo dau kwa fundi hodari pasi na kumwuliza madhehebu yake.

Macho yake yalidhoofika kwa wingi wa kusoma na kuandika, na mwisho akapofuka. Alikufa Rayy mwaka 313 wa Hijra, yaani 925. Waziri Ibnul Amid akawafanya wanafunzi wake kuzikusanya karatasi zake, zikawa kitabu cha Hawi, kilichofasiriwa Kilatini huko Sisilia mwaka 1279.

Katika nchi yake, mahali paitwapo Hesarak karibu na Karaj, kilianzishwa mwaka 1925 chuo cha utafiti kwa sababu ya sotoka, na leo kinaitwa kwa jina la Razi. Hutengeneza chanjo za wanyama na za watu. Sotoka ndiyo iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani.

Na hapa kwetu Rufiji, kabla Kibiti haijawa wilaya peke yake, ilianzishwa mwaka 1998 kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na kuandika waliozaliwa, waliokufa na maradhi yaliyowaua. Kazi hiyo baadaye ikawa chini ya Taasisi ya Afya ya Ifakara. Karatasi za Razi nazo zilikuwa hivyo hivyo: mgonjwa, dalili zake, dawa aliyopewa, na kama alipona au alikufa.