John Ugelstad na shanga zisizoonekana

Damu yako ikifika maabara, huenda ikachanganywa na shanga za plastiki usizoweza kuziona kwa macho. Wa kumshukuru ni John Ugelstad, mkemia aliyezaliwa Trondheim, Norwei, mwaka 1921.

Ukigandisha matone ya kemikali ndani ya maji yawe plastiki, kwa kawaida unapata shanga kubwa kwa ndogo, na kipimo hakiaminiki. Miaka ya 1970 yeye alianza na mbegu ndogo za plastiki zinazolingana. Zikafyonza kemikali, zikavimba sawasawa, akazipasha moto zikawa ngumu. Baadaye zikatiwa chuma ili zivutwe na sumaku.

Miaka ya 1980 madaktari London walitoa uboho wa watoto wenye saratani. Shanga zilizopakwa kingamwili zikanasa seli za saratani, sumaku ikazivuta, na uboho ukarudishwa mwilini. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Alifariki 1997.