Dijkstra: Mwanasayansi aliyeiogopa hodi ya kompyuta, kisha akaiwekea utaratibu

MWAKA 1957, kijana mmoja wa Kiholanzi alipokwenda kufunga ndoa mjini Amsterdam, alitakiwa kutaja kazi yake katika hati. Akajibu kuwa ni mwandishi wa programu za kompyuta. Maofisa wakakataa, kwa kuwa kazi ya namna hiyo haikujulikana nchini humo. Hatimaye hati ikamtaja kuwa mtaalamu wa fizikia.

Kijana huyo ni Edsger Wybe Dijkstra, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa magwiji wakubwa wa sayansi ya kompyuta duniani.

Alizaliwa Rotterdam Mei 11, 1930. Baba yake alikuwa mkemia na mama yake mwanahisabati. Awali alitamani kusoma sheria, lakini akaishia kusoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 1951 alihudhuria mafunzo ya programu mjini Cambridge, Uingereza, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam.

Ni katika kituo hicho alikokutana na jambo lililomtia hofu kubwa.

Wahandisi Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakisanifu kompyuta mpya iliyoitwa X1. Kabla ya hapo, mashine zilizotengenezwa kituoni zilifuata amri moja baada ya nyingine. Programu ilipoiagiza mashine ya chapa kuandika herufi, kompyuta nzima ilisimama kuisubiri, ingawa yenyewe ilikuwa na kasi kubwa mara nyingi zaidi.

Wahandisi hao walitaka kuondoa upotevu huo. Walipendekeza kompyuta iendelee na hesabu zake, na kifaa kinapomaliza kazi kipige hodi kwa ishara ya umeme. Kompyuta ingeiacha kazi iliyokuwa mkononi, ingehudumia kifaa hicho, kisha ingerejea pale ilipoishia. Ishara hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita kikatizo.

Dijkstra, aliyekuwa na jukumu la kuandika programu za msingi za X1, alishtuka. Hadi wakati huo, programu iliyokosea ingeweza kurudiwa na kosa likaonekana palepale. Lakini hodi isiyo na saa maalumu ingeweza kuingia kati ya amri yoyote na nyingine. Kosa lingejitokeza leo, lisionekane tena kwa wiki nzima, na lawama zingemwangukia yeye. Kwa miezi kadhaa alilipinga pendekezo hilo.

Mwishowe alikubali, lakini kwa masharti ya kimantiki. Programu inayopokea hodi ilipaswa kuhifadhi kwanza hali ya mashine, yaani amri iliyofikiwa na tarakimu zilizokuwa zikitumika, kisha kuirejesha kama ilivyokuwa, hata programu iliyokatizwa isitambue kuwa iliwahi kusimamishwa. Kwa kuwa majaribio yasingetosha kulithibitisha hilo, usahihi ulipaswa kuonyeshwa kwa hoja, kama ilivyo katika hisabati. Kazi hiyo ilimpatia shahada ya udaktari mwaka 1959.

Mwaka 1962 alihamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati. Huko, pamoja na kikundi kidogo cha wasaidizi, alijenga mfumo endeshi wa kompyuta ya X8, uliojulikana kwa jina la THE, ambazo ni herufi za mwanzo za jina la chuo hicho. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1968.

Mfumo huo ulijengwa kwa matabaka, kila moja likiegemea lililo chini yake. Katika tabaka la chini kabisa, Dijkstra aliiweka ileile hodi aliyoiogopa, safari hii ikitoka kwenye saa ya mashine. Saa ilipopiga, programu iliyokuwa ikiendelea ilisimamishwa na mfumo ukaamua nani apewe zamu. Kwa njia hiyo, hakuna programu iliyoweza kuihodhi kompyuta peke yake, hata kama ilikuwa imekwama katika mzunguko usio na mwisho.

Aidha, alibuni semafori, jina lililotokana na ishara za kuongozea treni. Hii ni hesabu maalumu inayoiamuru programu isubiri wakati mwenzake anatumia kitu cha pamoja, na kuiamsha kitu hicho kinapoachwa. Ikumbukwe kuwa bila kinga ya namna hiyo, programu mbili zinazopokezana zamu zinaweza kuharibiana tarakimu bila yeyote kugundua.

Wengi wanamfahamu zaidi kwa kanuni ya kutafuta njia fupi kati ya miji miwili, aliyoibuni mwaka 1956 na kuichapisha mwaka 1959, ambayo ni miongoni mwa misingi ya programu za ramani. Mwaka 1972 alitunukiwa Tuzo ya Turing, iliyo ya juu kabisa katika fani hiyo.

Mwaka 1984 alihamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 1999. Ingawa alikuwa bingwa wa kompyuta, aliendelea kuandika makala zake kwa kalamu ya wino, na aliacha zaidi ya 1,300. Alifariki dunia kwa saratani Agosti 6, 2002, nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 72.

Urithi wake umo mikononi mwa kila mwenye simu. Mfumo endeshi wa Linux, ulio pia kiini cha simu za Android, kwa kawaida hupangwa kupokea hodi ya saa kati ya mara 100 na 1,000 kwa sekunde pale prosesa inapokuwa na kazi. Ndiyo maana muziki hauzimiki ujumbe unapoingia, na programu moja ikikwama nyingine huendelea. Mtu aliyeiogopa hodi hiyo ndiye aliyeonyesha namna ya kuipokea bila nyumba kuvurugika.