George Nissen: Bingwa wa Kujipindua Aliyeunda Trampolini, Akangoja Olimpiki Hadi Uzee

Msee wangu wa Kangeta, unajua vile watoi hupanga laini Krismasi wakingoja zamu ya kuruka trampolini. Na kabla hiyo mashine ikufikie, si ulikuwa unajipindua kwa rundo la mchanga wa mjengo hadi shingo inauma? Basi cheki: chali aliyeiunda alikuwa mraibu wa kujipindua kukuliko.

Aliitwa George Nissen, mzaliwa wa 1914, Blairstown, kamji kadogo huko Iowa, Marekani. Akiwa mdogo alienda kuona sarakasi. Wengine walikuwa wanashangaa wasee wa bembea za juu, yeye macho ilikuwa kwa neti. Msee akimaliza anajiachilia, neti inamrusha kidogo. Sasa kama ingemrusha tena na tena? 1930, akiwa na miaka 16, akaingia gereji ya wazazi wake na vyuma na turubai. Miaka minne baadaye, yeye na kochi wake Larry Griswold wakaunda ile ya maana, chuoni Iowa.

Hapa ndio stori inauma. 1935 hadi 1937 Nissen alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani kwa mchezo wa kujipindua mfululizo chini kwa mkeka. Mara tatu, manze! Lakini Olimpiki ilikuwa imeweka huo mchezo mara moja tu, Los Angeles 1932. Berlin 1936 ikifika, jamaa yuko moto na mchezo wake haupo. Angeenda kufanya nini?

So akabaki na turubai yake. 1937 akazunguka Mexico na mbogi ya wanasarakasi watatu, akasikia kwa Kihispania ubao wa kurukia majini unaitwa trampolín. Akaongeza e mwishoni, akasajili jina. Wakati wa vita marubani wa Marekani wakafunzwa nayo, wazoee kugeuzwa hewani. 1960 akakodi kangaruu, wakapigwa picha wakiruka pamoja Central Park, New York, yeye amemshika mikono asipigwe teke. Matangazo ya siku hizi yajifunze hapo.

Haikuwa raha tupu. Watu walivunjika, kesi zikaja, na kampuni yake ikaacha kuunda trampolini. Hata jina likamtoka, likawa la kila mtu.

Lakini mzae hakuacha kusukuma mchezo wake uingie Olimpiki. Uliingia Sydney, 2000. Warusi Irina Karavaeva na Alexander Moskalenko walipochukua dhahabu za kwanza, Nissen alikuwa hapo ndani, miaka 86, akiangalia. Toka Berlin imekuwa miaka 64. Alifariki 2010, akiwa na 96.