Dian Fossey: Mtalii wa mkopo aliyegeuka mlinzi wa gorila wa Virunga

Mwaka 1963, Dian Fossey, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa akiwahudumia watoto wenye ulemavu katika hospitali moja mjini Louisville, alikopa dola 8,000. Kiasi hicho kilikaribia mshahara wake wa mwaka mzima. Hakukopa kwa ajili ya nyumba wala biashara, bali kuja kutembea Afrika. Wakati huo hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mtalii, tena mwenye deni.

Fossey alizaliwa San Francisco mwaka 1932. Katika safari hiyo alipita Kenya na Tanganyika, akakutana na mtafiti Louis Leakey huko Olduvai, na huko huko akaumia kifundo cha mguu. Hata hivyo hakukata safari. Alipanda mlima Mikeno upande wa Kongo akichechemea, na hapo ndipo alipowaona gorila wa milimani kwa mara ya kwanza.

Miaka mitatu baadaye Leakey alikwenda Louisville kutoa mhadhara. Fossey alimfuata, na mazungumzo yao yakamrudisha Afrika kama mtafiti. Mwanzoni mwa 1967 alipiga kambi Kabara, Kongo. Julai mwaka huo, nchi ikiwa katika machafuko, askari walimteremsha mlimani, naye akatoroka akaingia Uganda kupitia Kisoro. Tarehe 24 Septemba 1967 alifungua kituo chake upande wa Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Visoke. Aliunganisha majina ya milima hiyo miwili, akakiita Karisoke.

Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameishi nchi tatu zinazogawana milima ya Virunga. Gorila wenyewe huvuka mipaka hiyo kila wanapofuata majani na chipukizi za mianzi, bila pasi wala ushuru.

Fossey aliwazoea gorila kwa subira. Alitembea kwa magoti, akaiga sauti zao, akawatambua mmoja mmoja kwa mikunjo ya pua. Kazi hiyo ilimpatia shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, na dunia iliyodhani gorila ni dubwana la kutisha ikaanza kumwona kama mnyama mpole anayelea familia.

Lakini hifadhi ilikuwa ikiliwa pande zote. Mwishoni mwa miaka ya 1960, sehemu kubwa ya msitu upande wa Rwanda ilikatwa ili kulima pareto. Wawindaji walitega mitego ya kamba kwa ajili ya swala, na gorila wakanasa humo. Ubaya zaidi ulitoka kwa wanunuzi. Wageni walinunua vichwa na mikono ya gorila kama mapambo, na bustani za wanyama za Ulaya zilitaka watoto wao. Ili kumkamata mtoto mmoja, ilibidi jamaa zake wanaomtetea wauawe. Kama ilivyo katika soko lolote, bidhaa ilitafutwa kwa sababu mteja alikuwapo.

Tarehe 31 Desemba 1977 aliuawa Digit, dume kijana ambaye Fossey alimpenda kuliko wote. Kichwa na mikono yake vilikatwa. Picha ya Digit huyo huyo ilikuwa imetumika katika mabango ya kuwaalika watalii Rwanda.

Tangu hapo Fossey alipigana vita. Vijana wake walikata mitego kwa mamia. Yeye mwenyewe alichoma vibanda vya wawindaji, akateka mifugo iliyoingia msituni na kuvaa vinyago ili kuwatisha watu. Wanakijiji walimwita Nyiramacibiri, mwanamke anayeishi peke yake msituni. Wengi wao hawakuona faida yoyote ya hifadhi. Kwao ilikuwa ardhi waliyokatazwa, huku watoto wakihitaji chakula.

Mwaka 1979 wahifadhi wengine walianzisha njia tofauti: watalii wachache waletwe kwa malipo, na wenyeji waelimishwe. Fossey alipinga. Aliogopa kwamba wageni wangewaambukiza gorila mafua na kuwasumbua, na kwamba fedha zingeliwa huku mitego ikibaki. Wakati huo gorila wa Virunga walikuwa takriban 250 tu.

Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 Fossey aliuawa kwa kukatwa panga ndani ya nyumba yake Karisoke. Mahakama ya Rwanda ilimtia hatiani mtafiti mmoja wa Kimarekani aliyekuwa ameshaondoka nchini, lakini mashaka kuhusu hukumu hiyo hayajaisha.

Miaka iliyofuata ilionyesha kuwa alikosea jambo moja na kupatia jingine. Utalii aliouchukia ndio uliowapa gorila thamani wakiwa hai. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa vijiji jirani, na mwaka 2017 ikapandisha hadi asilimia 10. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na matangi ya maji. Waliokuwa wawindaji wamepata kazi ya kubeba mizigo na kuongoza wageni. Kufikia mwaka 2018, gorila wa milimani wa Virunga na Bwindi, Uganda, walikuwa wamevuka 1,000.

Lakini hofu yake ya magonjwa ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyo ndani ya kanuni za leo: wageni wasiozidi wanane kwa kila kundi la gorila kwa siku, muda wa saa moja, kukaa mbali na mnyama, na mwenye mafua haruhusiwi kupanda. Mgeni anayefuata kanuni hizo, akamkodi mbeba mizigo wa kijijini na kulala mahali panaponunua viazi na maharage ya Musanze au Kisoro, huacha fedha pale pale ambapo zamani mtego ulikuwa ukitegwa.

Fossey alizikwa Karisoke, kando ya Digit. Watalii hulipia kupanda hadi kaburini, na mizigo yao hubebwa na wenyeji wa chini ya mlima.